Mzungu anaitiwa mshauri, mweusi anaitiwa polisi: tuongelee hospitali za akili za ughaibuni

#1 Zamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Wiki hii humu jukwaani kulikuwa na uzi unaouliza kwa nini ndugu zetu wakifika Ulaya "wanarukwa". Majibu yalikuwa yale yale: baridi, upweke, bangi, laana ya kumsahau mama kijijini. Nilianza kujibu palepale, nikaona litakuwa gazeti. Mods, naomba msiuunganishe.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, England, wodi ya watu waliolazwa kwa nguvu ya sheria. Naongelea ninachokiona na kilichoandikwa, basi.

Tuanze na namba tusije tukabishana hewani. Huku kuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983. Madaktari wawili na mtaalamu mmoja aliyeidhinishwa, mara nyingi ofisa ustawi wa jamii, wakikubaliana kwamba unaumwa akili na lazima ulazwe kwa ajili ya afya au usalama wako au wa wengine, unalazwa utake usitake. NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya huku, hutoa takwimu za waliolazwa hivyo kila mwaka, na huzigawa kwa rangi. Mwaka 2022/23, katika kila watu weusi 100,000 walilazwa kama 228. Kwa weupe ni kama 64. Kuna miaka ya karibuni pengo limekaribia mara tano. Halafu kuna ile amri ya kutibiwa ukiwa nyumbani, yaani umetoka wodini lakini ukigoma kuchoma sindano unarudishwa. Hapo pengo limewahi kupita mara kumi.

Sasa tazama upande wa pili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 uliwauliza watu wazima kama wanapata matibabu yoyote ya akili au hisia, iwe vidonge au mazungumzo. Kwa Waingereza weupe walikuwa kama asilimia 13. Kwa weusi ilikuwa takriban nusu ya hapo.

Ziunganishe hizo mbili. Kwenye tiba laini, ile ya kukaa kwenye kiti na mtu anakusikiliza, sisi hatupo. Kwenye tiba ya kufuli na sindano, tumejaa. Anayesema "weusi hawapendi hospitali" hajaeleza kwa nini hospitali hiyohiyo imejaa weusi. Tatizo ni mlango gani unaingilia. Mzungu mwenye huzuni huanzia kwa daktari wake wa mtaa, anaandikiwa, anapangiwa miadi. Sisi wengi wetu tunaanzia nyuma ya gari la polisi, wakati mambo yameshaharibika na jirani ameshapiga simu.

Na mimi naamini, mtanibishia, kwamba chini ya hayo yote kuna wazo moja la zamani: mweusi hapati huzuni. Mweusi anapata wazimu tu. Akilia anafoka, akinyamaza anapanga jambo. Wazo hilo lina historia, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa Afrika Mashariki. Kama kuna mtu wa Nairobi humu aje aongeze.

#2 Mzee wa Fitina

Mkuu maneno mengi. Bangi hiyo. Watoto wa London wanavuta ile kali, wakichanganyikiwa mnasema ubaguzi. Wangekuwa Bongo wangepelekwa Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, na hakuna ambaye angeandika uzi.

#3 Zamu ya Usiku

Mzee wa Fitina, bangi siikatai. Watafiti wa London ya Kusini walichapisha mwaka 2015 kwamba wanaovuta ile kali kila siku wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata saikosisi, yaani ugonjwa wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo. Ninaona vijana wa namna hiyo kila mwezi.

Ila jibu hili: wazungu hawavuti? Wanavuta sana. Kijana mweupe akivuta akaanza kusikia sauti, mama yake anampigia daktari, daktari anakuja na timu ya saikosisi ya awali. Wa kwetu anakutwa kituo cha basi anaongea peke yake, wanaitwa askari wanne. Bangi inaweza kueleza ugonjwa. Haielezi pingu.

#4 Mtoto wa Pangani Nai

Sasa umenigusa, mimi ni wa Nairobi na hii story naijua vizuri, niliandikia term paper.

Hospitali ya Mathari ilianza 1910 kama nyumba ya wendawazimu ya Nairobi, kwa majengo yaliyokuwa ya kutenga wagonjwa wa ndui. Wagonjwa waligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na mnaweza kukisia ni wapi kulikuwa na nafasi na wapi watu walirundikwa. Mwaka 1938 akawekwa mkuu anayeitwa J. C. Carothers. Alikuwa daktari wa serikali wa kawaida, hakuwa na shahada ya magonjwa ya akili wakati anapewa kazi. Alikaa hapo hadi 1950.

Huyu mzee alihesabu Waafrika waliolazwa Mathari, akaona wenye sonona, ile huzuni iliyo ugonjwa, ni wachache sana, akahitimisha kwamba Mwafrika hapati sonona. Ebu fikirieni. Anayelazwa Mathari wakati huo ni nani? Ni yule aliyezua rabsha mjini, akakamatwa, akapitia kwa hakimu. Mama wa Murang'a aliyekaa kitandani miezi mitatu hataki kula, nani angempeleka Mathari? Alihesabu walioletwa na polisi akadhani amehesabu bara zima.

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani, si gazeti la mtaani! Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kueleza Mau Mau kisaikolojia, ili ionekane ni tatizo la vichwa vya Wakikuyu. Ardhi iliyochukuliwa ikawa jambo la pembeni.

Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili Blida kule Algeria, alimtaja na kumjibu kwa ukali. Lakini jibu ninalolipenda zaidi ni la Uganda. Watafiti Orley na Wing walienda vijiji viwili na kipimo kilekile kilichotumika kwa wanawake wa Camberwell, London, wakachapisha 1979. Sonona ilikuwa nyingi zaidi kule kijijini Uganda kuliko London. Ilikuwepo muda wote. Haikuwa imepanda gari kwenda hospitali.

#5 Zamu ya Usiku

Mtoto wa Pangani, ubarikiwe. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Unahesabu walioletwa na polisi, halafu unaandika tabia ya kabila zima.

#6 Kadirio

Naomba niwe mkorofi kidogo. Nafanya kazi na takwimu. Uzi wote unadhani kwamba viwango vya ugonjwa ni sawa kwa rangi zote. Kama weusi wa Uingereza kweli wanaugua skizofrenia, aina nzito ya saikosisi, zaidi, basi kulazwa zaidi si ubaguzi, ni hesabu tu. Mmepima hilo?

#7 Zamu ya Usiku

Kadirio, swali zuri kuliko yote humu. Limepimwa, na jibu halimpendezi mtu wa upande wowote.

Kuna utafiti mkubwa unaoitwa AESOP, uliofanyika London, Nottingham na Bristol, matokeo yakatoka 2006. Walipima wagonjwa wapya wote wa saikosisi na wakajitahidi daktari anayetoa uamuzi wa mwisho asijue rangi ya mgonjwa. Skizofrenia kwa watu wa asili ya Karibi ilikuwa kama mara tisa ya Waingereza weupe, na kwa Waafrika weusi kama mara sita. Kwa hiyo kusema kila kitu ni daktari mbaguzi aliyekosea jina la ugonjwa, hapana. Watu wanaugua kweli.

Lakini je, ni damu? Hapo ndipo inakuwa tamu. Marehemu Profesa Frederick Hickling, daktari wa akili Mjamaika, alipima wagonjwa wapya kwao Jamaika na kuchapisha 1995. Kiwango kilikuwa cha kawaida tu, kama cha nchi nyingine. Watu walewale, mababu walewale. Wakiwa Kingston wako sawa na dunia, watoto wao wakikulia London wanapanda mara tisa. Basi kitu kiko London. Watafiti wanataja kutengana na mzazi utotoni, umaskini, kuishi mtaa ambao wewe ni mweusi peke yako, kubaguliwa kila siku. Hivyo ubaguzi haujaondoka kwenye hesabu yako, umehamia tu. Ulikuwa unautafuta ofisini kwa daktari, kumbe ulianzia shuleni na kwa mwenye nyumba.

Na ofisini kwa daktari nako haukukosekana. Hickling huyo alikuja London akawapima upya wagonjwa wa hospitali moja bila kutegemea majibu ya wenzake Waingereza. Kwa weusi, idadi aliyoipa skizofrenia ilikaribiana na ya Waingereza. Ila walipofungua majina, hawakukubaliana vizuri ni nani hasa anayo! Yaani jumla inafanana, watu tofauti. Mimi nikisoma jumla za namna hiyo siku hizi nauliza majina.

Na kuna kipande kimoja ugonjwa hauwezi kukieleza. Hata ukilinganisha wagonjwa wenye ugonjwa uleule, mweusi bado ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuletwa na polisi na mdogo zaidi wa kuletwa na daktari wa mtaa.

#8 Kadirio

Nimeelewa. Ile ya Jamaika sikuijua. Naendelea kusoma.

#9 Bi Mwanakombo

Wanangu, mimi ni mtu mzima wa Mombasa, mwanangu wa kike yuko Birmingham. Nakubali mnayosema, lakini na sisi tusijisafishe. Mtoto akianza kubadilika twaanza kwa maalim, kisha kwa mganga, kisha twamficha chumbani wageni wakija. Mwaka mzima wapita. Huko mbali nako ndivyo wafanyavyo, mwanangu yuaniambia. Mgonjwa akifika hospitali keshakuwa wa kufungwa. Hapo daktari mzungu alaumiwe kwa lipi?

#10 Zamu ya Usiku

Shikamoo Bi Mwanakombo. Ni kweli tunachelewa, sibishi. Nakuomba tu usikilize visa viwili, vyote vya wazi, vilichunguzwa kisheria.

David Bennett, mzaliwa wa Jamaika, wenzake walimwita Rocky. Aliugua skizofrenia miaka mingi, akiingia na kutoka kliniki moja ya Norwich. Mwaka 1993 aliwaandikia barua wakubwa wa kliniki kwamba weusi waliolazwa pale ni zaidi ya nusu dazeni, na hakuna mfanyakazi hata mmoja mweusi. Alikuwa mstaarabu mno katika barua ile. Tarehe 30 Oktoba 1998 mgonjwa mwenzake alimtukana kwa rangi yake, wakapigana. Aliyehamishwa wodi ni yeye. Huko akampiga nesi, wauguzi wakamlaza kifudifudi na kumbana kama dakika 25. Akafa, ana miaka 38. Tume iliyoongozwa na Jaji Sir John Blofeld ilisema wazi kwamba ndani ya NHS kuna ubaguzi wa kitaasisi.

Wa pili ndiye anayejibu swali lako hasa. Olaseni Lewis, miaka 23, amemaliza masomo ya kompyuta, hana historia ya ugonjwa. Agosti 2010 tabia ikabadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu. Wazazi hawakumficha, hawakwenda kwa mganga, hawakungoja. Walimpeleka wenyewe hospitali, akakubali kulazwa kwa hiari. Usiku akataka kutoka, wahudumu wakaita polisi. Askari kumi na mmoja walimbana hadi akazimia, akafa siku chache baadaye. Wazazi walipigana miaka hadi ikapatikana sheria ya mwaka 2018 inayodhibiti matumizi ya nguvu katika wodi za akili, watu wanaiita Sheria ya Seni. Siku hizi kila mahali pa kazi kama pangu lazima tuandike tumetumia nguvu gani, kwa nani, wa rangi gani, na askari wakiitwa waje na kamera zimewashwa.

Familia za Kiafrika huku zinayajua majina haya, Bi Mkubwa. Wanachelewa kwa sababu ya aibu, na pia kwa sababu wanaogopa, na hofu yao haikutoka hewani.

#11 Bi Mwanakombo

Marahaba mwanangu. Huyo wa pili amenitoa machozi. Wamefanya kila kitu sawa jamani.

#12 Ndugu wa Fizi

Bandugu, jambo yenu wote. Miye niko Kentucky, Marekani, natafsiri Kiswahili na Kifaransa hospitalini kwa wakimbizi wa Congo na Burundi.

Huku mambo ni ya namna nyingine. Mkimbizi akifika anapimwa kwa fomu fupi ya maswali iliyotengenezwa Seattle, inaitwa RHS-15, na iko kwa Kiswahili. Fomu ni nzuri. Shida inaanza baada ya fomu. Umegundua mama ana shida, utamtuma wapi? Hakuna mshauri anayejua Kiswahili, na anayekubali mkalimani ni kumtafuta kwa tochi. Kliniki nyingi zinatumia mkalimani wa simu. Mara anapokea kijana wa Nairobi, mama wa Fizi, kule Congo, hamuelewi nusu. Mara anapokea mtu ambaye mama anaijua sauti yake, anasali naye Jumapili! Hapo mama anasema "niko sawa tu", na daktari anaandika yuko sawa tu.

Sheria ya hapa inakataza mtoto kumtafsiria mzazi, isipokuwa kwa dharura. Nimeona mtoto wa darasa la sita akimtafsiria mama yake habari za kubakwa. Sitaji hospitali.

Kitu kimoja kinaniuma. Daktari anauliza: unasikia sauti ambazo wengine hawasikii? Mama anajibu ndiyo, namsikia marehemu bwana yangu akiniita usiku. Kwetu mwenye matanga kusikia hivyo si ajabu. Daktari akaandika ni maruweruwe, akaanzisha dawa ya saikosisi. Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake. Nilikaa pale nimefunga mdomo.

#13 Zamu ya Usiku

Ndugu wa Fizi, hapo ndipo penyewe. Matanga yameandikwa wazimu. Marekani hilo limechunguzwa sana: weusi wenye sonona kubwa hupewa jina la skizofrenia mara nyingi kuliko weupe wenye dalili zilezile. Na jina likishaingia kwenye faili halitoki.

#14 Mpita Baltimore

Naongezea ya Marekani kidogo, niko huku Maryland miaka mingi.

Haya hayakuanza jana. Mwaka 1851 daktari wa Louisiana, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili, akaupa jina la Kigiriki, drapetomania, na moja ya tiba zake ilikuwa viboko. Kabla yake, sensa ya 1840 ilidai weusi huru wa Kaskazini ni vichaa kuliko watumwa wa Kusini. John Calhoun, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akaitumia mwaka 1844 kusema utumwa unawafaa. James McCune Smith, daktari mweusi wa New York, aliichambua akaonyesha miji ambayo ilikuwa na vichaa weusi wengi kuliko weusi wenyewe waliokuwepo!

Hapa karibu yangu kuna Crownsville, hospitali ya akili ya weusi iliyoanzishwa 1911. Wagonjwa 12 wa kwanza walipelekwa msituni kujenga hospitali watakayolazwa. Baadaye ilirundika wagonjwa zaidi ya 2,000. Elsie, binti wa Henrietta Lacks, yule ambaye seli zake zinatumika maabara dunia nzima, alifia humo 1955 akiwa mtoto. Ilifungwa 2004.

Na mwaka 1974 jarida la madaktari wa akili lilibeba tangazo la Haldol, dawa ya saikosisi, likiwa na mchoro wa mwanamume mweusi amekunja ngumi. Wakati wa harakati za haki za weusi. Hilo tangazo nililiona kwa macho yangu, halihitaji maelezo.

Siku hizi hawachori. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Heather Kugelmass: waigizaji waliwaachia ujumbe wa simu washauri 320 wa New York, wote wana bima ileile na shida ileile. Aliyesikika mweupe wa tabaka la kati alipewa miadi na asilimia 28. Mweusi wa tabaka la kati, 17. Waliosikika kama wavuja jasho, weupe kwa weusi, 8. Sauti tu, hata sura hawajaiona.

#15 Mzee wa Fitina

Hiyo ya mwisho imenikuta. Niliwahi kutafuta mshauri nikiwa Houston, nikaacha ujumbe mpaka nikachoka, wawili tu ndio walirudisha simu. Nilidhani ni lafudhi. Haya, naondoka kwenye bangi.

#16 Mdogo wake Juma

Wakuu samahani naingilia. Niko Morogoro. Kaka yangu anaishi Leicester miaka tisa sasa, juzi rafiki yake kanipigia kwamba polisi walimchukua barabarani na sasa yuko hospitali "kifungu cha pili". Mama hajalala. Tufanyeje? Atafungwa jela?

#17 Zamu ya Usiku

Pole sana ndugu. Hapana, si jela na si kosa la jinai. Soma taratibu.

Polisi walimchukua kwa kifungu cha 136. Hicho huruhusu kumshikilia saa 24 ili madaktari wamwone. Walipomwona wakampa kifungu cha 2, ambacho ni cha uchunguzi, mwisho siku 28, hakiongezwi. Wakitaka kuendelea watahamia kifungu cha 3, hadi miezi sita kwa kuanzia.

Ana haki ya kukata rufaa kwenye baraza huru, lakini kwa kifungu cha 2 lazima aombe ndani ya siku 14 za mwanzo. Hizi siku watu wengi wetu huzipoteza kwa kutojua. Wakili wa baraza hilo ni bure, hawaangalii kipato chake. Matibabu yenyewe hayalipishwi kwa mtu aliyeshikiliwa kisheria, hata kama vibali vyake vina utata.

Ana haki ya mtetezi wa kujitegemea, si mfanyakazi wa hospitali, ambaye atakaa naye na kumsemea. Aombe. Kama Kiingereza kinamtoka vibaya akiwa mgonjwa, aombe mkalimani, na si rafiki yake.

Sheria inamtambua pia ndugu wa karibu, ambaye anaweza hata kutaka mgonjwa aruhusiwe. Tatizo, kwa mtu anayeishi Uingereza, ndugu walio nje ya nchi hawahesabiwi. Wewe na mama mko nje ya orodha. Ana mke huko? Mtoto mkubwa? Shangazi? Mtafuteni huyo leo.

Na mpigieni simu wodini. Wauguzi hawatakupa siri zake bila idhini yake, lakini kusikiliza hawakatazwi. Waambie alikuwaje kabla, anasali vipi, nani amefariki karibuni, anatumia dawa gani, ni nini kwake ni kawaida. Mwambie nesi aandike kwenye faili, na umuulize jina lake.

#18 Mdogo wake Juma

Mke hana. Kuna binamu yetu yuko Coventry. Baba alifariki mwezi wa tatu na hakuweza kuja mazikoni kwa sababu ya vibali.

#19 Zamu ya Usiku

Hilo la baba lazima walijue kabla ya kikao cha madaktari. Lazima. Usiposema wewe hakuna atakayeuliza.

Binamu aende wodini mwenyewe na kitambulisho. Mtetezi, namba yake hubandikwa ubaoni karibu na simu ya wagonjwa, akiikosa aulize dawati la wauguzi, wanalazimika kumpa. Alilazwa tarehe ngapi hasa?

#20 Mdogo wake Juma

Jumanne ya wiki iliyopita. Kwa hiyo zimeshapita siku tano.

#21 Zamu ya Usiku

Bado mna tisa. Nakuja PM sasa hivi na maelezo ya fomu ya rufaa.